Chajio cha Bondeni: Saa ya Kula na Umbali wa Shamba katika Rufiji

Mwezi wa Mei, mpunga wa bonde la Rufiji ukishatoa mashuke na maji ya mafuriko yakianza kurudi mtoni, mkulima wa zamani hakuwa na mlo wa mwisho kabla ya kulala, kwa sababu hakulala. Alikuwa dunguni. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, sakafu yake fito, paa lake makuti au nyasi, na aliye juu yake huona shamba zima huku maji yakipita chini. Mchana alikuwa akifukuza ndege. Usiku alisikiliza viboko na nguruwe mwitu, akapiga debe, akachochea moto, akapokezana na mwenzake hadi alfajiri. Chakula alichokula jua likichwa kilikuwa chakula cha kuingilia zamu. Ukimwambia mtu huyo aache saa tatu kati ya kula na kulala, angekujibu kwamba yeye huacha saa kumi na moja, na kwamba hajawahi kuzifurahia.

Naanza dunguni kwa sababu siku hizi, Kibiti, Ikwiriri na Utete kama ilivyo kwingine nchini, ushauri wa afya unakuja umevikwa historia. Husemwa kwamba wazee wetu walikula mapema, kabla ya magharibi, wakalala chakula kimeshashuka tumboni, na ndiyo maana hawakusumbuliwa na kisukari wala shinikizo la damu; sisi tumeharibikiwa kwa kula saa 3 au saa 4 usiku na kujitupa kitandani. Ushauri wenyewe una maana. Madaktari hutaka mtu aache saa 2 au 3 kati ya mlo na kulala, hasa mwenye kiungulia, kwa kuwa ukijilaza tumbo limejaa, asidi hupanda kooni kwa wepesi. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ugomvi wangu uko kwenye historia iliyobandikwa juu yake. Ninachodai ni kwamba saa ya chajio katika Rufiji haikuwahi kuwa kanuni ya afya ambayo wazee waliitunza nasi tukaitupa. Ilitokana na umbali: umbali wa shamba hadi kwenye kinu, na wa kinu hadi jikoni. Umbali huo ulipobadilika, saa ya kula ilibadilika nao, na kila mara aliyeulipia kwa miguu na mikono yake alikuwa mwanamke aliyepika.

Tuyatazame maneno kwanza, maana lugha hutunza saa ambazo hakuna aliyeziandika daftarini. Chajio ni chakula cha jio, wakati ule jua linapoelekea kuzama. Ndani ya neno hilo hamna usingizi. Anayeshikilia hoja ya wazee atafurahi na kusema, si ndiyo hayo, walikula jioni? Asiharakishe. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku haiishi usiku wa manane. Inakwisha jua likizama, na hapohapo nyingine inaanza: usiku unaoitangulia Ijumaa ndio usiku wa Ijumaa, hata kama kalenda ya ukutani bado inasema Alhamisi, na saa ya kwanza baada ya giza kuingia ndiyo saa 1. Ukihesabu hivyo, chakula kinacholiwa baada ya magharibi ni cha kwanza cha siku mpya. Na hivyo ndivyo kilivyopikwa. Mama wa nyumba hakupima wali wa usiku kwa matumbo ya usiku peke yake. Alipima na kiporo, kwa kuwa kesho yake angetoka kwenda shambani kabla ya moto kuwashwa, na watoto wangeamkia kile kilichobaki chunguni. Usemi wa “mlo wa mwisho wa siku” unakata kamba ambayo jiko la Rufiji liliiacha nzima.

Liko jambo jingine kwenye lugha ambalo kwangu lina uzito zaidi. Kiswahili kinatenga kushinda njaa na kulala njaa. Aliyeshinda njaa amelalamika tu, pengine ni mtu wa kazi aliyekosa nafasi. Lakini ukisikia watoto wa nyumba fulani wamelala njaa, umesikia msiba wa nyumba hiyo. Aibu haikukaa kwenye mchana mtupu. Ilikaa kwenye usiku mtupu. Kwa hiyo katika miezi ya dhiki, Januari hadi Machi, ghala limekwisha na mpunga mpya ungali majani, chakula kikiwa kimoja tu kwa siku kiliwekwa jioni, na muhogo, maembe au miwa vikaziba pengo la mchana. Watu wenye kitu kimoja tu cha kuweka huonyesha wanachokithamini kwa mahali wanapokiweka. Walikiweka karibu na usingizi kwa makusudi, kwa sababu mtoto mwenye njaa halali, na mtoto asipolala nyumba nzima hailali.

Sasa tuingie bondeni kwenyewe, kabla ya mafuriko ya 1968. Ardhi hii ilijulikana kwa chakula. Sultani Barghash wa Unguja alimtuma William Beardall kuupima mto Rufiji mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakumtuma kwa kupenda mandhari. Mpunga wa bonde hili ulikuwa sehemu ya chakula cha pwani na visiwa. Mwaka 1938 H. Marsland alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala kuhusu kilimo cha mlao, kile cha kupanda kwenye tope lililoachwa na maji yanaporudi. Mpunga ulipandwa mvua zikianza, kati ya Desemba na Januari, ukakua pamoja na mafuriko, ukavunwa Juni na Julai. Mahindi, kunde na pamba ya mlao vilifuata maji yalivyokuwa yakishuka. Mkulima wa namna hiyo hawezi kukaa mbali na shamba, kwa kuwa mto haumpi notisi. Kwa hiyo nyumba zilitawanyika bondeni humohumo, kwenye miinuko midogo isiyofunikwa na maji ya kawaida, na maji yakizidi, watu walihamia juu ya madungu. Toka mlangoni, umefika shambani.

Ukaribu huo ndio uliokipa chajio saa yake. Mpunga ulihifadhiwa na maganda yake, maana hivyo haukuharibika upesi, na kila siku ulitwangwa wa kula siku hiyo. Kazi ilikuwa na hatua zake na hakuna iliyorukwa: kuanika kidogo, kutwanga, kupepeta kwa ungo, kutwanga tena, kuchagua chenga, kisha maji, kuni, nazi ikunwe kwenye mbuzi na tui likamuliwe kwa kifumbu. Samaki naye, kambale au perege, alitaka kuparuliwa na kutumbuliwa. Mwanamke aliyeacha jembe saa 10 jioni na kuanza kutwanga mara hiyo angeweza kutenga chakula jua likizama au muda mfupi baadaye. Hapa kwetu, karibu na nyuzi 8 kusini mwa ikweta, jua huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro robo mwaka mzima. Halina mchezo wa majira kama la Ulaya. Aliyekula “mapema” alikula mapema kwa sababu shamba lilikuwa uani. Akili ya mwenye kupika ilikuwa ikiutazama mwanga: mchele huchaguliwa kwa macho, mwiba wa samaki huondolewa kwa macho, na mafuta ya taa ni fedha.

Na hata hapo, mapema haikuwa kwa wote. Ukishuka hadi delta, kwa Wanyagatwa na wavuvi wa mikoko, saa ilishikwa na bahari. Maji hujaa na kupwa, na kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50, hivyo jioni ambayo wiki hii ni ya kurudi na samaki, wiki ijayo ni ya kutoka na wavu. Jiko lililongojea mtumbwi lilikula saa 11 leo na saa 3 usiku baada ya siku chache. Hao nao ni wazee wetu. Anayetaka kuwarithi wazee saa yao ya kula atuambie kwanza ni wazee wa wapi, na mwezi ulikuwa mpevu au nusu.

Pingamizi la kwanza, na ndilo la heshima zaidi, linatoka msikitini. Atasema mtu: Warufiji wengi ni Waislamu, na Uislamu unaigawa siku kwa sala tano, chakula kilikaa kati ya magharibi na isha, na hilo ni la dini, halikutoka kwenye umbali wowote. Ni kweli kwamba sala iliweka uzio. Ni kweli pia kwamba katika Kiarabu jina la sala ya isha na jina la chakula cha usiku vimetoka shina moja, na kwamba katika hadithi sahihi Mtume hakupenda watu walale kabla ya isha wala kukaa na maongezi baada yake. Lakini katika hadithi hizohizo limo agizo kwamba chakula cha jioni kikishatengwa na sala ikakimiwa, mtu aanze na chakula. Maana yake dini yenyewe ilijua kwamba chakula huiva kinapoiva, na ikampa nafasi aliyepika. Halafu iko Ramadhani. Mwezi mzima futari inaliwa adhana ya magharibi ikitoka, chakula kizito kinafuata baada ya tarawehi, na daku linaliwa karibu na alfajiri. Mji mzima unaibeba ratiba hiyo, na siku ya Idi unairudisha kama ilivyokuwa bila mtu kufundishwa. Kama saa ya chajio ingekuwa imeamriwa, isingehamishika kwa wepesi huo. Sala zilisema mlo uko upande gani wa magharibi na isha. Kinu ndicho kilichosema ni saa ngapi.

Pingamizi la pili ni la giza na mbu. Bila umeme, husemwa, watu walilala na kuku. Walilazimika kula mapema. Giza la Rufiji halikuwahi kuwa tupu kiasi hicho. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na hadithi na vitendawili, kulikuwa na uvuvi wa usiku, na kulikuwa na lile lindo la dunguni ambalo kwa miezi kadhaa lilizigawa nyumba kwa zamu. Mbu nao walikuwa adui wa kweli, na bonde lililijibu tatizo hilo kwa ufundi wake: fumba, mfuko wa kulalia ulioshonwa kwa mkeka wa ukili, ambamo mtu aliingia mzima na kujifunga. Ukweli kwamba watu walishona mifuko ya kulalia unaonyesha walipambana na mbu kitandani. Nje waliwaachia moshi. Kati ya kula na kuingia ndani ya fumba palikuwa na muda, na muda huo ulijaa watu. Hapo ndipo naona ukweli uliojificha ndani ya sifa tunazowapa wazee. Hawakula mapema sana kutushinda. Walichelewa kulala baada ya kula, kwa kuwa usiku ulikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ilikuwa ya miguu na sauti, si ya kuegemea mto.

Nataka kukaa kidogo kwenye namna chakula kilivyoliwa, kwa sababu inaeleza jinsi saa ya nyumba moja ilivyokuwa saa ya wote. Katika vijiji vingi vya pwani ya kusini, wanaume wa nyumba za jirani walikula pamoja nje, kila nyumba ikileta sinia au bakuli lake, na wanawake na watoto wadogo walikula uani. Desturi hiyo ina ukarimu mwingi ndani yake: mgeni hakuuliza atakula wapi, na mjane mwenye mtoto wa kiume hakuhofia mtoto wake. Lakini ilikuwa pia na ukali wake. Sinia lililochelewa lilionekana. Mwanamke ambaye mpunga wake ulikuwa mbichi, au kuni zake zimelowa, au mtoto wake ana homa, alikuwa akikimbizana na sauti za michi ya majirani, na kunyamaza kwa mchi wa jirani kulimwambia amebaki nyuma. Saa ya kula ilikuwa ya hadhara, na adhabu yake ilikuwa ya hadhara. Tunapoisifu leo kwamba ilikuwa na nidhamu, tukumbuke nidhamu hiyo ilimwangukia nani.

Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji. Kufikia 1969 watu walikuwa wakihamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye ardhi ya juu, wengi upande wa kaskazini wa mto, miaka kadhaa kabla nchi nzima haijaingia kwenye Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970. Ikwiriri ilikua kutokana na uhamisho huo. Kijiji cha ujamaa kikaja kuwa mji mdogo. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo. Watu na mali walikuwa wameokolewa majini, na ni vigumu kupeleka shule, zahanati na bomba kwa watu waliotawanyika bondeni kama mbegu. Lakini mashamba hayakuhamishwa. Rutuba ilibaki mahali mto ulipoiweka, na ardhi ya juu ni ya mchanga, inafaa mikorosho, minazi na muhogo kuliko mpunga. Kwa muda mfupi, umbali ambao haukuwapo ukawapo. Kjell Havnevik, aliyeandika kwa kirefu juu ya Rufiji na mipango ya maendeleo inayotoka juu, ameonyesha jinsi uhamisho ulivyoutenganisha uchumi wa bonde na makazi ya watu wake. Mimi naongeza kwamba uliitenganisha pia saa.

Fanya hesabu. Chukua shamba lililo kilomita 6 kutoka kijijini, ambalo si la mbali kwa kipimo cha huku. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na kama kuna mkono wa mto wa kuvuka kwa mtumbwi, ongeza kungoja. Mwanamke aliyeacha jembe saa 10 jioni na kuanza kutwanga palepale, sasa saa 11 na nusu ndiyo kwanza anafika nyumbani, na maji na kuni bado. Chajio chake kinatoka saa 2 usiku. Akitaka kukirudisha kwenye magharibi, lazima aache shamba saa 8 na nusu mchana, yaani awaachie ndege na nyasi jioni nzima ya kazi. Kati ya mavuno madogo na chakula cha kuchelewa, nyumba nyingi zilichagua chakula cha kuchelewa, na ilikuwa sawa kabisa kuchagua hivyo. Hakuna aliyesahau hekima ya wazee. Wazee wenyewe ndio waliokuwa wakitembea njia hiyo.

Wengine walijibu kwa njia ya pili: walirudi dunguni kila msimu. Madungu hayakufa, yaligeuka kuwa makazi ya miezi, na nyumba moja ikawa na majiko mawili. Wazazi, au mama peke yake, walibaki bondeni kulinda mpunga, na watoto wa shule wakabaki Ikwiriri kwa bibi au chini ya dada mkubwa. Dunguni chajio kikabaki cha jua kuchwa, kwa kuwa shamba lilikuwa palepale. Kijijini kikapikwa na msichana wa miaka 12 aliyetoka darasani, akatwanga kwa kadiri ya mikono yake, na wadogo zake wakala alipoweza. Kwa hiyo katika ukoo mmoja, usiku mmoja, palikuwa na saa mbili za kula, na tofauti yake haikuwa tofauti ya kizazi cha kale na kipya. Ilikuwa tofauti ya mahali jiko liliposimama. Kwangu huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote: watu walewale, dini ileile, giza lilelile, na saa imegawanyika kwa sababu umbali umegawanyika.

Mashine ya kukoboa na kusaga ilikuja kupunguza sehemu ya mzigo wa aliyepika. Iliupokonya mchi kazi yake ngumu zaidi, na sidhani yuko mwanamke bondeni aliyelilia kinu. Ila mashine ina foleni yake, ina bei yake, na dizeli ikikosekana inanyamaza. Na haikuufanya mguu mfupi. Baada yake ikaja barabara. Kabla ya daraja, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara alifika kwenye kivuko cha Ndundu na kungoja, na mto ukijaa alingoja zaidi. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takriban mita 970, lilifunguliwa 2003, na Ikwiriri ikawa mji wa njiani: basi likisimama, kuna samaki wa kukaanga, chapati, wali wa mama lishe, baadaye chipsi na mishkaki kwenye mkaa hadi usiku. Kwa mara ya kwanza mtu wa Ikwiriri aliweza kula chajio ambacho hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyekipika. Ndipo saa ikalegea kweli. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku kwenye runinga ikawa nguzo ya jioni ambayo zamani ilikuwa adhana na michi, na wengi wakala wakiitazama au baada yake, kisha kitanda. Mlo haukuruka mbali sana. Kilichotoweka ni ule muda wa katikati, wenye miguu na sauti.

Usifikiri barabara nayo ni nguvu isiyorudi nyuma. Mwaka 2017, baada ya viongozi wa vijiji na askari polisi kuuawa katika ukanda huu, pikipiki zilizuiwa kutembea kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Hofu ilikuwa imeshaanza kuwafungia watu ndani, na katazo likaongeza kufuli. Bila bodaboda hakuna mteja wa mishkaki wa saa 3, na aliyekuwa akirudi shambani kwa pikipiki ilimbidi aondoke mapema au asiende. Watu walikula mapema miezi ile. Walikula mapema kuliko wakati wowote katika kumbukumbu ya karibuni, milango imefungwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema ile ilikuwa afya. Saa ya mapema inaweza kutoka kwenye ua wenye shamba, na inaweza kutoka kwenye woga. Ukiitazama saa peke yake huwezi kuzitofautisha.

Kuna atakayeniambia kwamba nimempa mwanamke historia yote, ilhali wanaume walivua, walifyeka, walikesha na viboko, na wengine waliuawa na viboko hao. Ni kweli, na sitaki kupunguza hata usiku mmoja wa lindo lao. Lakini swali letu ni saa ya kula, na kazi ya mwanaume kwa kawaida ilimalizika chakula kilipotengwa, au ilianza hapo kama alikuwa na zamu. Kazi ya mwanamke ndiyo iliyokaa kati ya jembe na sinia, na ndiyo iliyovutwa kila umbali ulipovutwa. Hili si la Rufiji peke yake. Huko Uingereza chakula kikuu cha matajiri kilihama kutoka mchana katika karne ya 17 hadi usiku katika karne ya 19, taa na kazi za ofisini zikikisukuma, na waliochelewa kulala kwa ajili hiyo walikuwa watumishi wa jikoni. Tofauti ni kwamba kule kuchelewa kulikuwa fahari ya mwenye nyumba. Kwetu kulikuwa mzigo wa mwenye shamba.

Kwa hiyo anayetaka watu wa Ikwiriri wale saa 12 na nusu jioni, na ana haki ya kutaka hivyo, asimwendee mama mwenye shamba bondeni na kumweleza habari za asidi na wazee. Aulize shamba liko wapi, njia yake ikoje, mashine ya kukoboa ina foleni ya watu wangapi saa 11 jioni, na nani anachota maji. Au, kama hayo hayawezekani mwaka huu, aachane na saa ya kula na ashughulikie ule muda unaofuata: watu wakila saa 2, wawe na sababu ya kukaa wima hadi saa 4, barazani, na chandarua kingoje, maana katika bonde la malaria huwezi kumwambia mtu akae nje tu bila kufikiria mbu wa jioni. Ushauri wa namna hiyo unatekelezeka, kwa kuwa unaanzia mahali watu walipo.

Na mahali penyewe panabadilika tena. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115 huko juu ya mto, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na Aprili 2024 mafuriko yalishuka bondeni yakafunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Mto ambao haukuwahi kutoa notisi sasa una milango inayofunguliwa na kufungwa na watu. Mlao unategemea maji yapande na yarudi kwa wakati wake. Mpunga wa bondeni hivyohivyo. Na dungu halina kazi pasipo mpunga wa kulinda. Mkulima akihamia kwenye ufuta na korosho za ardhi ya juu, shamba litasogea karibu na mji, au litasogea mbali kwa upande mwingine. Saa 11 jioni ya leo, njia inayopanda kutoka mtoni kuelekea Ikwiriri ina wanawake wenye mafurushi ya kuni na mchele uliokwisha kukobolewa, na jua limebakiza saa moja na ushei.